Gunia Si Kipimo: Kazi ya Mshauri wa Biashara Anayetegemea Takwimu

Mfanyabiashara anayemwita mshauri wa biashara kwa mara ya kwanza hutarajia kuonyeshwa kompyuta, michoro ya rangi na majibu ya haraka. Katika wiki ya kwanza, aghalabu anachokiona ni mtu aliyeinama ghalani, akihesabu magunia moja baada ya jingine, akilinganisha hesabu yake na daftari, na kuuliza maswali yanayofanana na ya mtoto: gunia hili lina kilo ngapi, aliyeandika mstari huu ni nani, na kwa nini tarehe 14 haina mauzo hata ya shilingi moja. Wapo wanaokata tamaa hapo hapo na kujutia malipo ya awali waliyokwisha kutoa.

Mshauri wa aina hii ni mtaalamu anayekodiwa na mwenye biashara ili amsaidie kufanya uamuzi fulani, kama vile kupanga bei, kufungua tawi, kuacha bidhaa isiyolipa au kuchukua mkopo, kwa kutumia kumbukumbu za biashara yenyewe pamoja na takwimu rasmi za nchi. Kazi yake huchanganywa na ya mhasibu, lakini mipaka ipo. Mhasibu hupanga hesabu na kueleza kilichotokea. Mkaguzi wa hesabu huthibitisha kama maelezo hayo ni ya kweli. Mshauri huulizwa swali gumu zaidi, ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote: sasa kifanyike nini? Akikosea yeye, anayelipa ni mwenye biashara, wakati mwingine kwa hati ya nyumba yake.

Kazi hii imepata nafasi nchini kwa sababu biashara ndogo na za kati zimeanza kuacha alama. Miaka 20 iliyopita, duka la kawaida la mtaani lilikuwa na daftari la mauzo na daftari la madeni, basi. Mwaka 2008 huduma za kutuma fedha kwa simu zilianza kuenea, na kila muamala ukaanza kuacha tarehe, saa na kiasi. Mwaka 2010 mashine za kielektroniki za kutolea risiti, maarufu kwa jina la EFD, zikaanza kutumika, na mauzo yenye risiti yakawa na kumbukumbu isiyofutika kwa kalamu. Ukiongeza taarifa za benki, biashara moja leo inaweza kuwa na vyanzo vinne vya habari kuhusu siku ile ile. Ni nadra vyanzo hivyo vinne kukubaliana, na kutokubaliana huko ndiko kunakomfungulia mshauri mlango.

Mfano wa kiwanda cha alizeti

Ili kueleza namna kazi inavyokwenda, uchukuliwe mfano wa hesabu tu, usiomhusu mtu yeyote, wa kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida. Mwenye kiwanda anaona kwamba kila gunia linatoa mafuta kidogo kuliko zamani. Fundi amemwambia mashine imechoka. Benki iko tayari kumkopesha shilingi milioni 40 za kununua mashine mpya, kwa dhamana ya hati ya nyumba anayoishi na familia yake. Anamwita mshauri ili amwandalie andiko la mkopo huo. Swali analouliza ni jinsi ya kupata mkopo. Swali ambalo hajaliuliza ni kama anauhitaji.

Kumbukumbu zake zipo na zimeandikwa kwa bidii. Kuna daftari la ununuzi linaloonyesha magunia 3,000 kwa msimu, kila moja kwa shilingi 60,000. Kuna daftari la uzalishaji linaloonyesha lita 46,500 za mafuta. Mtu yeyote anaweza kugawanya na kupata wastani wa lita 15.5 kwa gunia, na mwaka uliotangulia wastani ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo pekee, fundi ana haki.

Kabla ya kukubali, mshauri mzoefu hukopa mizani. Kwa wiki mbili kila gunia linaloingia linapimwa, linaandikwa limetoka kwa dalali yupi, na mafuta yake yanapimwa peke yake. Tuseme inabainika kwamba nusu ya magunia yana kilo 65 na hutoa lita 17, na nusu nyingine yana kilo 55 tu na hutoa lita 14. Hesabu inageuka papo hapo. Kila kilo, itoke upande wowote, inatoa takribani robo lita ya mafuta. Mbegu ni ile ile na mashine ni ile ile, ila gunia limepungua.

Kwa magunia 1,500 yaliyopungua kilo kumi kila moja, mwenye kiwanda amelipia kilo 15,000 ambazo hazikufika ghalani kwake. Kwa bei ya wastani ya shilingi 1,000 kwa kilo, hiyo ni shilingi milioni 15 katika msimu mmoja. Mashine mpya isingemrudishia hata shilingi moja ya fedha hizo. Ingekamua magunia mepesi yale yale, kwa mwendo wa kasi zaidi, huku marejesho ya mkopo yakisubiri mwisho wa mwezi.

Gunia, debe, lundo, sado, kisado: hivi ni vyombo, na biashara ya mazao nchini imevitumia kama vipimo kwa muda mrefu mno. Wakala wa Vipimo umekuwa ukipiga vita lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kuvikwa kilemba, kwa sababu mkulima huuza kilo nyingi kwa bei ya chache. Mfano wa kiwanda unaonyesha upande wa pili wa dosari ile ile, kwamba palipo na gunia badala ya mizani, mwenye hasara anaweza kuwa mkulima leo na mnunuzi kesho. Kwa mshauri wa takwimu, jambo hili lina uzito kuliko programu yoyote ya kompyuta. Safu ya daftari iliyoandikwa “magunia” huonekana kama namba, hujumlishwa kama namba, na kugawanywa kama namba, ilhali ndani yake mna vitu visivyolingana. Hakuna hesabu ya kitaalamu inayoweza kuiponya baada ya tukio. Dawa yake ni kwenda ghalani.

Baada ya hapo ushauri unaonekana rahisi: nunua mizani iliyohakikiwa, lipa kwa kilo. Hapa ndipo washauri wengi wachanga huhesabu kazi yao kuwa imekwisha, na ndipo wenye biashara wengi hutabasamu kwa adabu na kuendelea kama zamani. Madalali wamezoea gunia. Jirani mwenye kiwanda kingine atanunua kwa gunia alfajiri, kwa fedha taslimu, bila mizani wala maswali. Wauzaji wakihama, mashine itasimama kwa kukosa mbegu, na kusimama kwa mashine ni ugonjwa unaovisumbua viwanda vidogo vingi vya mafuta ya kula nchini hata bila mizani kuongezwa. Kwa hiyo ushauri kamili unapaswa kujibu swali linalofuata: anaweza kupoteza wauzaji wangapi kabla faida ya mizani haijamezwa? Je, anaweza kuanza na madalali wawili, akawaongezea kidogo kwa kila kilo, na kuona kwa mwezi mmoja nani anabaki? Hesabu ya namna hiyo huchukua siku nyingi kuliko ile ya awali, nayo ndiyo mwenye kiwanda anayoilipia.

Daftari mbili na droo moja

Ugumu mkubwa wa kazi hii si wa kihesabu. Mfanyabiashara anapofungua daftari mbele ya mgeni, anafungua pia mambo ambayo pengine hata mwenzi wake wa ndoa hayajui: madeni, ndugu anaowalea, fedha alizompa rafiki zisizorudi. Baadhi yao wana daftari mbili, moja la kuonyesha na moja la kujua. Kijana aliyetoka chuoni akiingia na kuomba “data zote” siku ya kwanza, atapewa lile la kuonyesha, na ushauri wake wote utajengwa juu ya mchanga.

Katika jambo hili mshauri hana budi kuwa na msimamo wa wazi. Yeye si afisa wa kodi, na hana kazi ya kumripoti mteja wake. Wala si mahali pa kujifunza namna ya kuficha mapato. Sheria zinamtaka mfanyabiashara kutunza kumbukumbu sahihi na kutoa risiti, na mshauri anayesaidia kutengeneza daftari la tatu amejiingiza mwenyewe katika kosa. Ipo pia sababu ya kibiashara, nayo huwagusa wengi zaidi kuliko tishio la faini. Benki hukopesha kwa kutazama mauzo yaliyoandikwa, si yale yaliyofichwa. Mtu aliyepunguza mauzo yake kwa miaka mitatu ili aonekane mdogo hushangaa anapoambiwa ni mdogo mno kukopeshwa.

Suala la droo linahitaji ulimi mwepesi zaidi. Katika biashara nyingi za kifamilia, fedha za duka na za nyumbani hukaa pamoja. Ada ya shule, nauli ya mgonjwa, mchango wa harusi na rambirambi hutoka katika droo ile ile bila kuandikwa. Mwisho wa mwezi mauzo yapo, bidhaa zimeisha, fedha hazionekani, na lawama humwangukia keshia. Mshauri akikuta pengo la shilingi 400,000, hatalitaja mbele ya wafanyakazi. Atasubiri mzee awe peke yake, ataanza kwa shikamoo na habari za nyumbani, kisha atauliza: “Mzee, tarehe 9 palitokea jambo lolote la kifamilia?” Mara nyingi jibu ni msiba. Hakuna wizi wala uzembe. Pana mtu aliyetimiza wajibu wake kwa ndugu zake na kusahau kuuandika. Marekebisho yenyewe ni ya mstari mmoja katika daftari, “matumizi ya nyumbani”, na kiasi maalumu ambacho mwenye duka anajilipa kila mwezi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuwa na kompyuta.

Keshia naye anastahili kutajwa, kwa kuwa namba za mshauri zinaweza kumwachisha mtu kazi. Chukua hali ambayo upungufu wa fedha hutokea siku za Jumapili, na Jumapili ni zamu ya binti yule yule. Ni rahisi mno kuchora mstari kutoka kwenye tarehe kwenda kwenye jina. Mshauri makini hukagua kwanza mambo mengine yanayotokea Jumapili: jamaa wa mwenye duka wanaopita baada ya ibada na kuchukua sukari kwa ahadi, bidhaa zinazorudishwa bila kufutwa kwenye mauzo, chenji inayokosekana na kulipwa kwa pipi na viberiti. Huomba pia zamu zibadilishwe kwa majuma machache ili kuona kama upungufu unamfuata mtu au unaifuata siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Jedwali lenye tarehe zinazofanana na ratiba ya zamu halitoshi kuwa sababu hiyo.

Takwimu rasmi zinapoingia dukani

Kumbukumbu za biashara hueleza yaliyotokea ndani ya milango yake. Mambo ya nje, yaani watu wangapi wanaishi wapi na bei zinakwendaje, hupatikana katika takwimu rasmi, ambazo nyingi hutolewa bila malipo na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) na, kwa upande wa Zanzibar, Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Ni hazina ambayo wafanyabiashara wengi huisikia kwenye taarifa ya habari na kuiacha huko huko.

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kutoka 44,928,923 mwaka 2012. Namba hizo hutajwa kila mahali, lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi hazimsaidii sana. Zinazomsaidia ni zile za ngazi ya chini. Katika miaka hiyo kumi Mkoa wa Dar es Salaam uliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728. Jirani yake, Mkoa wa Pwani, ulitoka watu takribani milioni 1.1 na kupita milioni 2, yaani ulikaribia kuongezeka maradufu. Mfanyabiashara anayetaka kufungua tawi, na ambaye macho yake yote yako Kariakoo, anapoonyeshwa mistari hiyo miwili huanza kuuliza bei ya fremu Mkuranga, Kibaha au Kisarawe. Matokeo ya sensa yanashuka hadi ngazi ya kata na shehia, hivyo hatua inayofuata ni kutafuta kata ipi, halafu kwenda kuitazama kwa macho. Sensa haisemi kama barabara hupitika masika, wala kama duka la mshindani limefunguliwa mwezi uliopita.

Takwimu za bei hutumika kwa namna nyingine. NBS hutoa kila mwezi fahirisi za bei za mlaji, ambazo ndizo msingi wa mfumuko wa bei unaotangazwa. Tuseme duka limeuza bidhaa za shilingi milioni 208 mwaka huu, baada ya kuuza za milioni 200 mwaka jana. Mwenye duka anasherehekea ongezeko la asilimia 4. Ikiwa bei za bidhaa anazouza zimepanda kwa asilimia 6 katika kipindi hicho, basi ametoa rafuni bidhaa chache kuliko mwaka jana, na wateja wameanza kupungua bila yeye kujua. Huenda hiyo ndiyo habari mbaya inayopokelewa kwa mshangao kuliko zote, kwa kuwa fedha mkononi zimeongezeka kweli.

Kalenda nayo ina mitego yake. Mwezi wa Ramadhani hufuata mwandamo, hivyo kila mwaka hutangulia kwa takribani siku 11 katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya Ramadhani ilikuwa ndani ya Aprili. Mwaka 2024 Idd el-Fitr ilikuwa imekwishapita kabla ya Aprili kufika nusu. Muuza tende, unga wa ngano na nguo anayelinganisha Aprili na Aprili ataona biashara yake imeanguka mwaka 2024, na anaweza kumfukuza msimamizi asiye na kosa. Programu za uchambuzi zilizotengenezwa kwingineko hazijui jambo hili mpaka ziambiwe. Vivyo hivyo kwa Mtwara na Lindi, ambako fedha za korosho huingia mikononi mwa wakulima miezi ya mwisho wa mwaka. Anayepima biashara ya mabati au pikipiki huko bila kutazama msimu wa korosho atapata wastani mzuri usiofanana na mwezi wowote halisi.

Ni vyema ieleweke pia kwamba takwimu rasmi hazimpi mtu yeyote majina. Sheria ya Takwimu inazuia kutolewa kwa taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu au kaya iliyohojiwa. Mshauri anayedai kuwa na “orodha ya sensa” ya wateja watarajiwa na namba zao za simu anauza kitu ambacho NBS haitoi.

Namba za simu za wateja

Biashara hukusanya taarifa za watu kuliko zinavyodhani. Duka la dawa lina majina, namba za simu na dawa walizonunua. Shule ina umri wa watoto na mahali wanapoishi. Mshauri akiomba “mafaili yote ili nichambue”, hayo nayo humo yamo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili, 2024. Kwa mujibu wa sheria hiyo, anayekusanya taarifa binafsi na anayezichakata wote wana wajibu, na wote wanatakiwa kusajiliwa na Tume. Duka, katika mfano huu, ni mkusanyaji. Mshauri ni mchakataji. Taarifa hukusanywa kwa lengo linalojulikana, na hazipaswi kuhamishiwa lengo jingine kwa sababu tu kwamba zipo. Taarifa za afya zimo katika kundi la taarifa nyeti, ambazo uchakataji wake huhitaji ridhaa ya maandishi ya mhusika isipokuwa pale sheria inaporuhusu vinginevyo. Kuzipeleka taarifa nje ya nchi, jambo linaloweza kutokea kwa kuzipandisha tu kwenye huduma ya mtandaoni yenye mitambo ughaibuni, kuna masharti yake.

Kiutendaji, mshauri anayejua kazi yake haombi majina kabisa. Ili kujua kama wateja wa duka la dawa hurudi, humtosha namba bandia kwa kila mteja, tarehe na kiasi. Huomba mwenye duka afute majina na simu kabla ya kumkabidhi faili, na kazi ikiisha hurejesha au hufuta alichopewa. Mtindo wa kutembea na mauzo ya wateja watano katika kompyuta moja ya mkononi isiyo na nywila, ukipita nayo kwenye daladala, ni hatari ambayo mteja ana haki ya kuikataa.

Kumjua mshauri kabla ya kumlipa

Mhasibu na mkaguzi wa hesabu husajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), na usajili wao unaweza kuthibitishwa. Mshauri wa kodi husajiliwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Cheo cha “mshauri wa biashara” peke yake hakimthibitishii mteja kwamba mwenye nacho amesomea takwimu, biashara, au chochote. Wanaofanya kazi hii vizuri wametoka njia mbalimbali: wapo waliosoma takwimu katika vyuo vikuu au katika Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika jijini Dar es Salaam, ambacho kimekuwepo tangu mwaka 1961; wapo wachumi, wahasibu na wahandisi; wapo waliokulia dukani na kujifunza jedwali la Excel ukubwani. Hawa wa mwisho wasidharauliwe, maana wanajua gunia.

Yapo maswali machache ambayo humtofautisha mtaalamu na mchuuzi wa michoro. Aulizwe ni uamuzi gani atausaidia, na akijibu kwamba ataangalia “kila kitu”, mteja ana sababu ya kusita. Aulizwe angehitaji kuona nini ili abadili mawazo. Aulizwe analipwaje: anayelipwa asilimia ya mkopo atakaoupata mteja ana kila sababu ya kutoukuta mzani ghalani. Mkataba uwe wa maandishi, utaje kazi inaanza na kuisha lini, matokeo yatakabidhiwa kwa namna gani, na kumbukumbu za biashara ni mali ya nani baada ya hapo.

Kwa wenye mitaji midogo wasioweza kumlipa mshauri binafsi, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi mikoani na hutoa mafunzo na ushauri wa biashara. Maofisa biashara na maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri nao hufikika. Mwananchi anayeamini kuwa taarifa zake binafsi zimetumiwa isivyo halali, awe mteja wa duka au mwenye duka mwenyewe, anaweza kuwasilisha malalamiko yake kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mizani inayotiliwa shaka hupelekewa taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa husika.